Sura Niliyomnyang'anya Mzee Kimeu

Mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu miaka yangu katika idara ya uhariri. Saa yenyewe imeshasimama. Mambo mawili matatu ndiyo haya, na nawaonya mapema kwamba sitasema lini nilipandishwa cheo wala nililipwa ngapi, kwa sababu la kwanza halikutokea sana na la pili litawavunja moyo. Nitawaeleza habari za mwandishi mmoja, Kimeu, na jinsi nilivyomharibia kitabu. Wengi wenu mlikisoma mkiwa sekondari, na mkafanyia mtihani ukurasa ambao hakuuandika yeye.

Nilianza kazi ofisi ikiwa bado kule River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari. Chini waligonga vyuma kutwa, juu tuligonga taipureta, na mpita njia hangejua kelele ipi ni ya nani. Niliajiriwa kupiga chapa. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Dagoretti alfajiri, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshaboronga. Mezani nilikuta furushi la karatasi zenye madoa ya mafuta na wino wa zambarau. Upande mmoja ulikuwa fomu za ukaguzi wa nyama, upande wa pili mwandiko wa mkono uliobanana. Nilidhani ni karatasi za mtu za kufungia nyama, nikazitia kwenye pipa la taka.

Mhariri mkuu wetu alikuwa Bwana Oluoch, mtu mrefu mwembamba, kalamu nyekundu sikioni na rula mkononi. Hakunifokea. Aliinama kwenye pipa, akazitoa karatasi moja moja, akazipangusa kwa leso yake mwenyewe, akaziweka mbele yangu na kuniagiza nizisome zote kabla sijagonga herufi hata moja. Kufika ukurasa wa nne nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja ili nisiangue kicheko siku yangu ya kwanza kazini. Bwana Oluoch alinitazama juu ya miwani, akarudi mezani kwake. Ndivyo nilivyojuana na Kimeu, kupitia pipa la taka.

Kimeu alikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio huko huko kwetu Dagoretti. Alikuja kutoka Ukambani akiwa kijana, akapewa koti jeupe, gambuti, kisu na mhuri. Asubuhi alipasua maini na mapafu kutafuta ugonjwa, alasiri aliandika. Aliniambia kazi hizo mbili ni moja, tofauti yake tu ni kwamba ng'ombe hawatumi wakili. Kitabu chake cha kwanza, Pole kwa Usumbufu, kilihusu shimo la barabarani lililoundiwa kamati, likapata mwenyekiti, dereva na bendera, na mwishowe likagombea udiwani na kushinda. Cha pili, Marehemu Yuko Mkutanoni, kilihusu karani aliyefia kwenye kiti chake ofisini na kupandishwa cheo mara mbili kabla mtu hajagundua. Hicho cha pili nilikipiga chapa mwanzo hadi mwisho, na kuna mahali taipureta iliruka kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kwa kicheko.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwandishi mwingine. Kabla ya kutuletea mswada mjini, aliwasomea wachinjaji sura moja moja saa nne, saa ya chai. Wenyewe walikaa juu ya kreti, mikono ingali na damu, vikombe vya bati magotini, naye akasimama mbele yao na kalamu. Wasipocheka, alichora mstari, sehemu hiyo ikatoka. Lakini walipocheka kupita kiasi alichora pia. Nilimuuliza mbona. Alisema mtu akicheka mpaka akaanguka, jua anamcheka jirani yake. Akicheka huku anajikuna shingo, hapo umempata mwenyewe, usiguse. Mimi nilikuwa nimefunzwa kuangalia nukta na mikato. Jambo hilo la kujikuna shingo halikuwa katika kozi yoyote niliyotumwa.

Bwana Oluoch naye alinifunza ya kwake. Soma prufu, ile nakala ya majaribio, ukiwa umeweka rula chini ya mstari, la sivyo jicho litaruka. Soma mara moja kwa maana, mara ya pili kwa herufi, usichanganye. Usile mandazi juu ya mswada. Na kubwa kuliko yote, neno lolote unalomwongezea mwandishi, hata liwe "na", tia herufi za jina lako pembeni, ili ijulikane wa kulaumiwa ni nani. Nyinyi leo kompyuta inawaandikia majina yenu pembeni bila kuombwa, na bado naona mnaizima.

Sasa nifike kwenye Mbuzi wa Mheshimiwa. Kwa asiyekisoma, kama yupo: mjane mmoja, Kalunde, anapoteza mbuzi wake siku ambayo Mheshimiwa amekuja kijijini kuzindua mfereji usio na maji. Inaundwa tume ya kumtafuta mbuzi. Tume inakaa, inakula, inaandika ripoti, inaundiwa tume nyingine ya kuichunguza. Msimulizi ni kijana karani wa tume, mpole, mwenye kumhurumia mjane, na msomaji anamwamini tangu ukurasa wa kwanza. Katika sura ya mwisho aliyoiandika Kimeu, Jumapili moja Kalunde anasimama mlangoni pa kanisa. Kila anayetoka, mjane anamwambia afungue mdomo, aone kama hana nyama ya mbuzi wake menoni. Mheshimiwa anafunga mdomo. Chifu anafunga. Mwalimu mkuu, mhubiri, akina mama wa kwaya, wote wanapita wamekaza midomo. Mwisho anafika kwa yule karani tuliyempenda, naye hafungui.

Nilipoipiga chapa mara ya kwanza sikucheka. Nilijikuna shingo.

Kitabu kikapendekezwa kusomwa shuleni. Kabla ya uamuzi, neno likamfikia mkurugenzi wetu wa wakati huo, si kwa barua, kwenye chakula cha mchana, kwamba sura ya mwisho ina shida kidogo. Kanisa limeguswa, walimu wameguswa. Bwana Oluoch alikuwa mgonjwa nyumbani. Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akaniambia niitengeneze. Hakusema vipi. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kwenye taipureta na kupewa dawati la uhariri, na nilitaka sana kuonekana ninafaa. Ningeweza kusema tumngoje Bwana Oluoch. Ningeweza kutembea mpaka machinjioni nikamuuliza mwenye kitabu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Niliitoa sura yote, na mahali pake nikaandika ukurasa mmoja na nusu: Mheshimiwa anaomba radhi, analeta mbuzi mwingine mnono, watu wanaimba. Nikaimaliza hivi: "Mwenye haki akapata haki yake, na kijiji kikalala kwa amani." Naona haya hata kuinakili hapa. Pembeni sikutia herufi zangu.

Kimeu aliitwa. Aliisoma akiwa amesimama, koti lake bado linanuka mafuta ya ng'ombe. Aliuliza nani kaandika. Mkurugenzi akajibu, "Idara." Kimeu akanitazama. Mimi nikatazama taipureta ya jirani yangu. Akasema watoto watasoma sura kumi na moja za kweli na moja ya uongo, na kwa shule, hiyo si hesabu mbaya. Akatia sahihi shingo upande, akaondoka. Tangu siku hiyo hakutuletea riwaya nyingine, sisi wala kampuni nyingine yoyote. Aliendelea kukagua nyama mpaka akastaafu, akatulia na mkewe, Mama Mwende, katika mtaa wa Jamhuri.

Bwana Oluoch aliporudi kazini alikisoma kitabu kikiwa kimeshachapishwa. Alifika mwisho, akaitoa prufu kabatini, akauliza mbona hakuna herufi pembeni. Niliinamia kazi yangu. Hakuuliza tena, lakini mpaka anastaafu hakuniomba tena nimsomee prufu zake, na mimi nilijua sababu.

Nayo sentensi yangu ikashika njia. Ilitungiwa maswali ya mtihani. Ilichorwa kwenye kuta za shule kwa rangi ya buluu, na jina la Kimeu chini yake. Wanasiasa wakaipenda kupita kiasi. Nimeisikia kwenye mikutano ya hadhara, kwenye harambee, mara moja hata kwa mtu aliyekuwa na kesi ya kunyakua shamba. Mtu aliyetumia maisha yake kuwacheka watu wale akawa ndiye anayewapa la kusema. Nikajipa moyo kwamba ni mambo ya zamani, na kwamba kazi zilikuwa nyingi, na kweli zilikuwa nyingi.

Kampuni ilipohamia Upper Hill, kwenye jengo hili la vioo mnamoganda kwa baridi ya mashine, makabati ya River Road yalitupwa pamoja na yaliyokuwemo. Mswada wa Kimeu ulikwenda nayo. Nakala ya pili haikuwepo, maana yeye hakuwahi kupiga chapa, na ile niliyopiga mimi iliishia kiwandani kwa wachapaji. Nililijua hilo mwaka wangu wa mwisho kazini tu, meneja wetu, Madam Atieno, alipotangaza kwamba tutatoa toleo maalumu la Mbuzi wa Mheshimiwa, jalada gumu, na ile sentensi kwa herufi za dhahabu mgongoni. Wiki hiyo hiyo nikapata habari kwamba Kimeu amelazwa katika hospitali kubwa ya rufaa, mwendo wa dakika kumi kutoka dirishani petu.

Nilikwenda saa ya chakula cha mchana, na ndizi na juisi, kama mtu anayekwenda kumwona jamaa. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yale yale. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu. Ikapotea yote.

"Mzee, ule mwisho niliuandika mimi," nikasema.

"Najua. Idara haina mikono, Njeri. Ilikuwa lazima awe mtu, na ni wewe uliyetazama pembeni." Akapumua kidogo. "Nimekungoja useme. Umechukua muda wako."

Nililia pale, mbele ya wagonjwa wengine, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, wala hakunibembeleza. Kisha akasema lile lililonipa kazi.

"Nirudishie sura yangu. Sitaki kuzikwa na hiyo yako."

Nikamwambia mswada umepotea. Akasema hata yeye haikumbuki yote, kichwa kimechoka, lakini niende nikamwone Karanja. Karanja alikuwa mmoja wa wachinjaji wa wakati ule, sasa ana bucha yake sokoni Dagoretti. Nilienda Jumamosi. Nilipotaja sura ya mjane na mdomo, aliweka kisu chini akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Kumbe kitabu kilipotoka bila sura ile, wachinjaji walikasirika. Wakawa wanaiigiza wenyewe saa ya chai, kila mtu na sehemu yake, na wageni walipoajiriwa walifunzwa. Waliifanya miaka mingi. Karanja ndiye aliyekuwa Kalunde, mjane, na shuka kichwani.

Aliisema yote mbele ya wateja, anakata kilo za watu huku akiniambia mimi nifungue mdomo. Nami nimesimama kati ya miguu ya ng'ombe iliyoning'inia, daftari juu ya gogo la kukatia, naandika mbio. Alipokwama alimpigia mwenzake simu, naye akatoa mstari uliopungua. Nilirudi Jumamosi tatu, na kila mara nilimwomba aanze tena mwanzo, nikilinganisha neno kwa neno. Palipotofautiana niliandika yote mawili, nikatia herufi zangu pembeni.

Kisha nikampelekea Kimeu. Nilimsomea polepole, mara mbili. Alibadilisha maneno matatu, akakataa moja aliloliongeza Karanja ili watu wacheke, akatia sahihi kila ukurasa. Nesi alisema apumzike. Akasema atapumzika tukifika mwisho.

Nilimwendea Madam Atieno na kurasa hizo, nikamweleza kila kitu, na mimi nilivyohusika. Si mtu mbaya, muelewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mama, hiyo sentensi iko kwenye kuta za shule."

Nikamwambia rangi hufutika.

Akataja mwongozo wa walimu, mitihani iliyopita, wakili, bodi. Akasema tungoje toleo lijalo. Nikamkumbusha kwamba mwenye kitabu hana toleo lijalo. Nilirudi kwake kila Jumatatu kwa wiki sita, mpaka akawa akiniona kwenye korido anatoa simu na kuiweka sikioni. Baadaye siku yangu ya kustaafu ikafika, mkanikatia keki, na nikajua kabisa ile keki ilikuwa tamu kwa wengine kwa sababu gani.

Kimeu alifariki siku kumi na moja baadaye. Siku mbili kabla nilikuwa nimekaa naye, na aliniuliza jambo moja tu, imefika wapi. Nilimjibu kweli, kwamba bado, na kwamba sijaacha. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Ibada ilifanyika kanisani karibu na kwao Jamhuri, kabla ya msafara kuelekea Ukambani. Nilimwomba Mama Mwende aniweke kwenye orodha ya wasemaji. Hakuniuliza nitasema nini. Akaniandika kama rafiki wa familia, dakika tatu. Mlango ukajaa, watu wakasimama nje hadi kwenye ua. Kisha akaja Mheshimiwa, maana mazishi ya mtu maarufu hayakosi mheshimiwa, na akapewa kipaza sauti mbele ya wote. Alimsifu marehemu kwa dakika ishirini. Akamaliza kwa kuinua mkono na kusema, "Mwenye haki akapata haki yake, na kijiji kikalala kwa amani." Watu wakapiga makofi. Jeneza la Kimeu liko pale, hatua tatu kutoka kwa mtu huyo, na maneno ni yangu. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na Mungu anisamehe, sijawahi kukasirika namna ile.

Niliitwa. Nikajikaza kisabuni, nikapanda. Nilisema jina langu. Nilisema sentensi mliyoipigia makofi sasa hivi si ya marehemu, ni yangu, niliiandika mimi nikiwa mhariri wake, nikatoa sura yake bila kumuuliza, na sura yenyewe ni hii. Nikaanza kusoma.

Nilipofika pale mjane anaposimama mlangoni, mhubiri aliinuka taratibu, akaja karibu yangu, akaashiria saa yake. Dakika zangu zilikuwa zimekwisha, hilo ni kweli. Madam Atieno alikuwa safu ya nne, nikamwona ameshika kichwa. Nilisita. Hapo Mama Mwende, bila kusimama wala kupaza sauti, akasema, "Mwache amalize. Huyu ndiye mume wangu anaongea."

Mhubiri akarudi kukaa. Nikasoma mpaka neno la mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa alikuwa ameinamia programu ya ibada, na karibu kila mtu kwenye viti vya mbele alikuwa ameinamia programu ya ibada. Nikazikunja kurasa, nikashuka.

Jumatatu Madam Atieno alinipigia simu. Mtu alikuwa amenirekodi, na kufikia Jumapili jioni walimu kutoka kila mahali walikuwa wakiuliza kampuni itafanyaje. Alisema bodi imekubali, toleo maalumu litatoka na sura ya Kimeu, na mgongoni hapatakuwa na sentensi. Lakini msomaji lazima aelezwe mbona mwisho umebadilika, kwa hiyo niandike taarifa fupi ya kuwekwa mbele ya kitabu. Niliiandika siku hiyo hiyo, kwenye meza ya jikoni: "Mwisho mliousoma shuleni niliuandika mimi, Njeri, mhariri, kwa woga. Huu ndio mwisho wa Kimeu."

Alinirudishia ikiwa na alama moja. Alisema ni nzuri, fupi, inatosha, ila ana ombi dogo tu, tuyatoe maneno mawili, "kwa woga", kwa ajili yangu mwenyewe, ili nisijidhalilishe. Hata akatia herufi za jina lake pembeni, kwa heshima. Nilimwamini kwamba alinitakia mema.

Nikachukua kalamu, nikayarudisha.